Hesabu na Wasiomaliza

Ujumbe uliingia saa nne usiku, nikiwa nimeshazima taa. Mwenye namba nisiyoijua alikuwa ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp lenye jina la shule yetu na mwaka 1991 mbele yake. Kufika asubuhi tulikuwa watu 43. Picha za sketi zilizopauka, utani wa maharage yenye wadudu, mmoja akauliza nani anaikumbuka ile kengele, kumbe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuuliza kulikoni.

Siku ya tatu ikawekwa orodha: majina ya wote tuliomaliza Kidato cha Nne, yamepangwa kwa mikondo, mbele ya kila jina mkoa na kazi, na msalaba mdogo au nyota kwa waliotangulia. Niliisoma mara mbili. Jina nililokuwa nalitafuta halikuwemo, na nilijua kwa nini. Mwenyewe hakumaliza.

Naandika haya kwa ajili yako uliye kwenye kundi la namna hiyo, au unayefikiria kulianzisha, na hasa wewe unayeamini kwamba Kristo ana neno juu ya jinsi unavyoishi na watu. Watoto wakishaanza kuondoka nyumbani, magoti nayo yakianza kulalamika, mtu hukumbuka waliolala naye bweni moja. Ni jambo jema. Ila nimejifunza kwamba kukutana tena na waliosoma nawe ni mtihani wa imani, na swali lake la kwanza huwa kwenye orodha.

Ndugu na shahidi

Kwetu Tanzania rafiki wa bweni si rafiki wa kawaida. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zilichukuliwa na serikali, na wanafunzi wakawa wanapangwa popote nchini bila kuulizwa kabila wala dini. Binti wa Kagera alijikuta Mtwara, wa Tanga akajikuta Rukwa. Ulisafiri siku mbili ukafika mahali pasipo na shangazi wala mjomba. Aliyelala kitanda cha juu cha dabodeka ndiye aliyekuwa ndugu yako. Malaria ikikushika, yeye ndiye aliyekwenda bwaloni kukuombea uji.

Kwa hiyo mtu huyo ni ndugu, na pia ni shahidi. Alikujua kabla hujawa mzee wa kanisa, mama mchungaji au mwenyekiti wa jumuiya. Anajua sukari ya nani ilipungua na nani aliipunguza. Washarika wako wanaiona picha iliyokwisha kupakwa rangi. Yeye aliuona ukuta ukiwa bado tofali tupu. Ndiyo maana wengine wetu huogopa makundi haya, na wengine huyaingia wakijieleza sana.

Wa kitanda cha juu

Mwaka 1990, tukiwa Kidato cha Tatu, tulirudi kutoka likizo tukapimwa kama ilivyokuwa desturi: matroni, chumba cha wagonjwa, mikono juu ya tumbo. Mwenzangu wa kitanda cha juu alitoka mle analia. Siku mbili baadaye mlinzi alilibeba tranka lake la bati hadi getini, na yeye akafuata nyuma ameshika ndoo. Hakuna aliyemsindikiza. Ndivyo shule zilivyofanya wakati ule. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa, basi. Ilichukua mpaka Novemba 2021 serikali kutangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi kwenye shule ya mfumo rasmi.

Ila liko jambo ambalo halikufanywa na shule. Nililifanya mimi. Nilikuwa katibu wa ushirika wetu mdogo wa maombi. Usiku wa kuamkia siku aliyoondoka nilisimama mbele ya wenzangu, nikalikata jina lake kwenye daftari la kwaya kwa kalamu nyekundu, nikaeleza kwa sauti kwamba chachu kidogo huharibu donge zima. Nilikuwa na miaka 16 na nilidhani natetea utakatifu. Darasa tulilosalia lilikuwa hatua 20 kutoka bwenini, na madirisha yake hayakuwa na vioo.

Kwa hiyo nilipoiona orodha ile kwenye simu, niliona daftari langu.

Ilinichukua wiki tano kumpata, kwa kumpigia mtu aliyenielekeza kwa mtu. Anauza chai na chapati katika mji mdogo kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Nilipanda basi nikiwa na hotuba nzima kichwani. Nilipofika alikuwa ameinama kwenye jiko la mkaa, kitambaa begani. Aliniangalia kidogo.

"Wewe ulikuwa kitanda cha chini," alisema.

"Ndiyo. Nimekuja kwa sababu—"

"Kula kwanza, mwenzangu. Umetoka mbali."

Akanivutia benchi, akanimiminia chai ya tangawizi, akaniwekea chapati mbili kwenye sahani ya bati. Nilikula machozi yakinitoka, na nikaisingizia tangawizi. Nilipomaliza nilisema nililofanya, kwa sentensi tatu. Hotuba yote ilikuwa imeyeyuka. Alisikiliza huku anageuza chapati.

"Nilisikia," alisema. "Siku zote ulikuwa na sauti kubwa."

Hakusema amenisamehe. Alilisema hilo kwenye simu miezi mitatu baadaye, katikati ya mazungumzo ya bei ya unga, kisha akaendelea na bei ya unga.

Usiku ule, kwenye chumba cha wageni, nilifungua Injili ya Yohana. Katika sura ya 18 Petro anamkana Bwana wake huku akiota moto wa makaa. Katika sura ya 21 kuna moto wa makaa tena, ufukweni, juu yake samaki na mkate kando. Bwana aliyefufuka hakuanza kwa kuita mahudhurio. Aliwakaribisha wale. Swali lake kwa Petro, lile la mara tatu, lilikuja baada ya kifungua kinywa. Miaka yote nilikuwa naisoma sura hiyo nikijiweka upande wa mpishi. Siku ile nilijijua: mimi ni yule aliyefika ufukweni nguo zimelowa.

Yafuatayo ni mambo niliyoyaokota njiani, mengine kwa kukosea kwanza.

Anza na orodha, ukumbi baadaye

Makundi mengi hujiita kwa mwaka wa kumaliza. Jina hilo peke yake linawafungia nje wengi: aliyefukuzwa kwa mimba, aliyekosa ada, aliyeozwa, aliyeugua akarudishwa kijijini, aliyehamishwa. Sisi tulibadilisha. Kundi sasa linaitwa kwa mwaka 1988, tulioingia Kidato cha Kwanza, na orodha tumeipanga kwa namba za kuandikishwa shule, zile tulizozichora kwenye matranka na kuzishona kwenye mashuka. Namba hazijui nani alifaulu.

Kazi hii wapeni watu watatu wenye kumbukumbu nzuri. Wapite dawati kwa dawati, kitanda kwa kitanda: hapa alikaa nani, pale alilala nani? Aliyepatikana apigiwe simu kwanza, asitumbukizwe tu kwenye kundi. Muulize kama anapenda. Wengine wana kitochi, hawana WhatsApp. Hao wapangiwe mtu wa kuwapigia. Na anayesema hapana, mwacheni na hapana yake. Mchungaji mwema humtafuta kondoo wa 100, lakini simwoni popote akimkokota kwa kamba.

Lipa deni kabla ya kubeba sadaka

Katika Mathayo sura ya 5 Yesu anasema kwamba ukiikumbuka kesi ya ndugu yako juu yako ukiwa mbele ya madhabahu, iache sadaka pale, uende ukapatane kwanza. Angalia vizuri: mwenye kesi ni yeye, na wewe ndiye wa kufunga safari. Basi kabla ya siku ya kukutana kaa na daftari, andika majina. Uliyemwonea ulipokuwa kiranja. Uliyempa jina la utani lililomganda miaka minne. Uliyemchongea kwa mwalimu wa zamu.

Ukienda kuomba radhi, nenda faragha, si kwenye kundi, na wala si kwenye kipaza sauti siku ya sherehe. Ukitubu hadharani unamlazimisha mwenzako akukumbatie mbele ya watu, naye labda hayuko tayari. Taja tendo lenyewe. Usilieleze sana, "tulikuwa watoto" ni neno la kusema yeye, si wewe. Usidai msamaha papo hapo. Na kama deni lina thamani ya fedha, lipa. Zakayo alizungumzia mara nne. Mwenzetu mmoja alimpelekea mwenzake mfuko wa sukari wa kilo 5 baada ya miaka 30, na wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa.

Na wewe uliyeonewa, imani haikulazimishi kufika. Yusufu alipowaona ndugu zake Misri hakujitambulisha siku ya kwanza. Aliwapima, akaingia chumbani kulia peke yake, akatoka amenawa uso. Una haki ya kunawa uso wako kwa muda wako. Kama ulilotendewa lilikuwa jinai, hasa na mtu mzima uliyekabidhiwa kwake, usikubali wenzako walifunike kwa sala ya pamoja. Wapo wanasheria, wapo washauri. Nenda huko kwanza, ukiwa na mtu unayemwamini.

Siku, sufuria na sala

Bweni letu lilikuwa na Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, Wasabato na Wapentekoste, na kila mtu alijua mwenzake anasali lini. Ukubwani tunasahau. Kundi letu lilitaka kukutana Jumamosi mchana, mpaka dada mmoja Msabato akauliza kwa upole kama tumeshamtoa. Sabato yake huanza Ijumaa jua likizama, hadi Jumamosi jua likizama. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumapili asubuhi wengine tuko kanisani. Sikukuu ya kitaifa, kama Nane Nane, ikiangukia katikati ya wiki huwaokoa wote, ila tazameni kwanza Ramadhani imeangukia wapi, maana kila mwaka huwahi kwa siku kama 11.

Chakula nacho kina upendo wake. Kuku wachinjwe na Mwislamu, kama ilivyo desturi ya shughuli zetu, ili wote tule sufuria moja. Kitimoto kisubiri siku nyingine. Tengeni pembe safi yenye mkeka na maji kwa ajili ya sala za adhuhuri na alasiri. Kwenye kufungua na kufunga, Mkristo mmoja aombe kwa ufupi na Mwislamu mmoja aombe kwa ufupi. Anayeombea watu 40 waliosafiri usiku kucha asigeuze sala kuwa mkutano wa injili.

Acha kuuliza "bado umeokoka?"

Utashangaa. Aliyekuwa anaongoza mapambio haendi tena kanisani. Mkorofi wa darasa ni mchungaji. Uliyemtabiria utawa ameolewa na Mwislamu na anafunga Ramadhani kwa furaha. Kishawishi cha Mkristo ni kuanza ukaguzi: unasali wapi, umeokoka lini, umerudi nyuma kwa nini. Muulize kwanza kuhusu mama yake. Muulize alifikaje alipofika. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno. Walipoanza kufafanua ndipo wakaharibu.

Je, imani ikae kimya? Hapana. Waraka wa kwanza wa Petro unatutaka tuwe tayari kumjibu anayeuliza juu ya tumaini letu, tena kwa upole. Anayeuliza. Na rafiki wa zamani huuliza, mara nyingi sahani zikiwa zinaoshwa. "Wewe ulikuwa mkali sana. Kitu gani kilikubadilisha?" Hapo sema. Msikilizaji mmoja mwenye masikio ni bora kuliko 43 wenye simu zilizozimwa sauti.

Kwa sababu hiyo, kwenye kundi jizuie. Mahubiri ya dakika 40 ya saa kumi na moja alfajiri, ujumbe wa "tuma kwa watu 10 upate muujiza", ubishi wa ubatizo wa maji mengi na maji machache: hayo yamewaondoa watu wengi kimya kimya. Ukiguswa na mtu, mpigie yeye.

Nawe ukikutana na anayekucheka, "Leo hii wewe ndiye mama mchungaji?", usikasirike. Bwana mwenyewe alipata shida kwao Nazareti, kwa watu waliomjua kama fundi seremala. Cheka naye. Mwambie, "Kweli nilikuwa hivyo, na unajua machache tu."

Mchango wa nani?

Kamati ya kwanza ilipendekeza mchango wa shilingi 150,000: ukumbi, fulana, mpiga picha, mshereheshaji. Nikapiga hesabu. Chapati ya mwenzangu ni shilingi 500. Mchango ule ni chapati 300, kabla hajatoa unga, mafuta na mkaa. Ndani ya wiki moja watu sita walijiondoa kwenye kundi bila kuaga, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kiwango kipangwe na mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Sisi tuliishia ukumbi wa parokia na kila mtu na sufuria yake. Wenye nafasi walimkabidhi mweka hazina nauli za wengine, naye hakutaja nani katoa wala nani kapokea. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue. Kwenye kundi la WhatsApp maana yake ni kutopachika picha ya muamala. Na mezani msiwe na meza ya wakubwa. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, alishawakemea wanaompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini.

Tahadhari moja: kila kundi litapata mtu mwenye "fursa aliyoletewa na Mungu". Anataka uweke fedha leo, uwaingize na wengine watatu. Mkubaliane mapema kwamba biashara za namna hiyo hazipiti kwenye kundi. Kama mtu ana shida ya kweli, aseme ana shida. Tumsaidie kwa shida yake.

Penzi la dawati la nyuma

Kwa waliosoma shule za mchanganyiko, neno fupi. Yule aliyekuandikia barua yenye manukato atakuwepo, amenenepa kidogo, sauti ni ileile. Kinachokuvuta pengine si yeye. Ni wewe wa miaka 17. Mwambie mwenzi wako mapema kwamba mtu huyo yupo. Nenda naye ikiwezekana. Maneno usiyoweza kuyaandika akiwa ameketi pembeni yako, usiyaandike saa sita za usiku. Na mjane mwenye njia nyeupe asiharakishwe wala asichekwe.

Majina yenye msalaba

Kizazi chetu kina makaburi mengi kwa umri wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo ndipo sisi tulipokuwa na miaka ya 20. Kwenye orodha yetu waliotangulia ni 19.

Tuliwasoma kwa majina, taratibu, tumesimama, Wakristo na Waislamu pamoja. Hakuna aliyetaja ugonjwa wa mtu, na msiruhusu atajwe. Baada ya kila jina aliyelala naye bweni alisema kitu kimoja anachokikumbuka: alijua kusuka, aliogopa mijusi, aliimba sauti ya pili. Ilituchukua karibu saa nzima, na ni saa ambayo hakuna aliyetazama simu. Kisha tukauliza jambo la lazima: watoto wao wako wapi? Watano tumewapata. Baadhi yao ni watu wazima ambao hawajawahi kukutana na mtu anayemkumbuka mama yao akicheka. Tuliwapigia simu kuwasimulia.

Baada ya kuagana

Msiahidi makubwa. Mfuko wa milioni nyingi na katiba ya kurasa 12 hufa kabla ya Krismasi. Ahadini kidogo: kila mmoja ashike majina mawili, awapigie mara moja kwa mwezi, na anayelazwa atembelewe kabla ya kuitishwa mchango wa jeneza. Mwalimu aliye hai aendewe kwake akiwa hai. Tumezoea kukutana misibani, tukisema kwa nini hatukukutana mapema, kisha tukaagana mpaka msiba mwingine.

Ukitaka pa kuanzia, anza leo jioni. Chukua karatasi. Chora bweni lako, kitanda kwa kitanda, uandike majina. Penye pengo, piga simu uulize. Huenda jina ulilolisahau ndilo ulilopaswa kulitafuta kwanza.

Mwenzangu hakuja siku ya kukutana. Ilikuwa siku ya gulio na hawezi kufunga. Sikumsihi. Lakini siku ile nilipokwenda kwake, unga ulipomwishia aliingia ndani kuchota mwingine, nami nikamfuata kumshikia bakuli. Unga anauhifadhi kwenye tranka la bati. Rangi nyeupe imebanduka, jina lake limefutika nusu, ila namba inasomeka vizuri: 214.

Mimi nilikuwa 213. Kwenye orodha mpya tumefuatana.